Mbio za Ijumaa Alfajiri

Nyaramba,
Jumapili, 19 Januari 2025.
Umande mzito, ukungu hadi saa mbili, kisha jua. Hakuna mvua, siku ya nane.

Valentine,

Salamu. Sisi tupo. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike na wote wawili wanasimama vizuri. Mvua ya mawe ilipiga majani chai ya upande wa mtoni tarehe kumi. Ya upande wa barabara yamepona. Mama anakaa kitini akiegemezwa mito miwili. Upande wa kulia bado umekufa ganzi, mdomo umepinda, na neno analosema likaeleweka ni moja tu, "maji." Habari hizi nakupa kwa sababu barua huanza hivyo. Usizichukue kama zawadi.

Usishangae kuona karatasi. Tangu urudi Ufini umenipigia mara arubaini na moja. Nimehesabu, kisha nikakufungia. Simu ya Mama ninayo mimi, mfukoni mwa aproni, na haitoki humo. Ukitaka kusema jambo, andika. Na Kiswahili nimekichagua makusudi. Ekegusii ni cha nyumbani. Kiswahili tunamwandikia chifu na mwenye duka la mbolea.

Juzi nilikwenda sokoni kununua sabuni. Binamu yetu Linda akaniita kutoka mlango wa saluni yake, mbele ya watu: "Dada Nyangate, njoo uone mdogo wako amegeuka kuku wa friji!" Nikatazama simu yake. Wewe, juu ya baiskeli, theluji kila upande, kope nyeupe kwa barafu, unacheka. Jacinta jirani yetu alikuwa anasukwa. Akasema, "Huyo bado anakimbia? Polisi wa huko wanamtafutia nini?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia Linda kwamba simu hiyo ikivuka lango la Mama, nitaitumbukiza kwenye pipa la maji ya ng'ombe.

Kwa sababu umesahau, nakukumbusha. Shajara yangu inasema hivi: Ijumaa, 27 Desemba, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, ukungu. Tulikuwa kituo cha kupimia majani chai, wanawake kumi na mmoja na vikapu vyetu, tukiharakisha kwa sababu ya Sabato. Ukatokea ukunguni ukikimbia kuelekea nyumbani, suruali ya kubana, mikono mitupu. Ulizaliwa hapa. Unajua hapa mwanamke hakimbii barabarani alfajiri ila awe amepata habari ya kifo. Watu wakaamini kuna kifo. Wakaanza kulia. Wakakufuata wakilia hadi langoni, na Mama, aliyekuwa barazani akichambua maharagwe, akainuka kuuliza ni nani aliyekufa, akaanguka. Hakuwa amekufa mtu yeyote. Ulikuwa unafanya mazoezi.

Nataka kitu kimoja. Andika kwa mkono wako kwamba hutakimbia tena wala kupanda hiyo baiskeli, nimsomee Mama karatasi hiyo. Siku hiyo nitafungua simu uzungumze naye. Bila hiyo, hutasikia hata kikohozi chake.

Nyangate.

Oulu,
Jumanne, 11 Februari 2025.

Dada Nyangate,

Sijambo. Barua yako ilichukua siku ishirini. Nimefurahi ng'ombe amezaa. Nimefurahi Mama anakaa. Kiswahili chako nimekisoma vizuri, mwenye duka la mbolea anakusalimu.

Leo ni digrii ishirini na mbili chini ya sufuri. Nitakueleza ninachofanya, kwa maana picha ya Linda haikukueleza. Kazi yangu ni kuwazungukia wazee sita nyumbani kwao: dawa, kuwaosha, kuwafunga vidonda. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine naenda kwa baiskeli. Hapa hata watoto huenda shule kwa baiskeli juu ya theluji na hakuna anayewaita kuku. Tairi zina misumari midogo ili zisiteleze. Breki ya mbele haiguswi kwenye kona. Nguo ya ndani ni ya sufu. Ya pamba jasho likiilowesha linageuka barafu mgongoni. Mkononi navaa soksi ya sufu kwanza, kisha glavu, la sivyo vidole vinakufa kabla ya mzee wa pili. Simu naiweka kifuani chini ya jaketi, maana nje inazimika ndani ya dakika kumi. Ukitoka mlangoni ukiwa na joto, umevaa kupita kiasi. Inafaa usikie baridi kidogo, kisha miguu yenyewe ikuwashie moto.

Siku za mapumziko nakimbia kilomita kumi kando ya mto ulioganda. Hiyo si kazi. Hiyo ni yangu.

Mwaka wa kwanza sikukimbia. Desemba jua la hapa linatoka saa nne na nusu na linazama saa nane mchana. Nilikwenda kazini gizani, nikarudi gizani. Kufikia Februari nilijikuta siku moja nimekaa sakafuni bafuni, koti na viatu mwilini, nisijue kama nilikuwa natoka kwenda kazini au nimerudi. Mzee wangu wa tatu ndiye aliyenipa baiskeli ya marehemu mkewe. Alisema kwa ukali, kama wewe, "Chukua, inaoza." Sikukuandikia wakati ule. Ungesema ni uvivu.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Sitaandika hiyo karatasi. Hata nikiiandika itakuwa uongo, na wewe ungependa kumsomea Mama uongo.

Ni siku arubaini na sita sijasikia sauti yake. Nina haki ya dakika tano. Kuhusu asubuhi ile, kuna jambo moja sijalisema kwa mtu yeyote, na nakuomba usinilazimishe kulisema.

Valentine.

Nyaramba,
Jumatano, 12 Machi 2025.
Mvua kubwa tangu saa tisa usiku. Asubuhi imepungua, baridi ya kushika meno.

Valentine,

Salamu za hapa ni chache. Ndama ana tumbo la kuendesha. Mume wangu Abner alikuja kutoka Ogembo siku ya Jumatatu, akakaa barazani bila kuvua koti, akaniuliza, "Wewe nilikuoa ama nilikukodisha?" Nikamletea chai. Mwanamke aliyeolewa kurudi kulala kwao miezi mitatu ni aibu, na aibu hiyo naibeba mimi, si wewe. Alikunywa chai nusu kikombe akaondoka.

Nimesoma kuhusu soksi na glavu. Nimesoma kuhusu misumari. Umeniandikia kurasa mbili za namna ya kujikinga baridi na mstari mmoja wa Mama. Wazee sita wa watu wengine unawaosha mgongo, kwa mshahara, na unafika kwao kwa wakati. Wa kwako namwosha mimi. Anamkataa daktari wa viungo, anatema uji wa wimbi, na juzi alinipiga kofi kwa ule mkono wa kushoto nilipomgeuza. Una nguvu, mkono huo. Andika hayo kwenye orodha yako ya mzee wa saba.

Tarehe nne, saa moja asubuhi, alisema neno jipya. Alisema, "Vale." Akaangalia mlango. Akasema tena. Nikamwambia hujapiga simu hata siku moja tangu uondoke. Akafumba macho. Nakuambia ili ujue kiburi chako kinalipiwa na nani.

Na hilo jambo lako la siri, lilete. Usinitishe kwa kukaa kimya, mimi si mzungu wako wa tatu. Ulikimbia, watu wakalia, Mama akaanguka. Kama kuna la nne, liandike.

Nyangate.

Oulu,
Jumatatu, 31 Machi 2025.

Dada,

Natumaini ndama amepona. Mpe maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari. Msalimie Abner, alichokuuliza hakikuwa haki.

Barua yako niliifungua nje, nikiwa nimeegemea baiskeli, baina ya mzee wa nne na wa tano. Huku barafu imeanza kuyeyuka mchana na kuganda tena usiku, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, maana inang'aa kama kioo na huioni. Niliposoma kwamba ulimwambia sijapiga, nilipanda nikaendesha bila kutazama. Nilianguka kwenye kona ya daraja, kwa bega. Nilikaa pale nikasema kwa sauti, kwa Ekegusii, maneno ambayo mke wa mtu haambiwi. Kisha nikaenda kwa mzee wa tano.

Umeomba la nne. Hili hapa.

Asubuhi ile nilikuwa nimekimbia hadi kanisani na nilikuwa narudi polepole. Ukunguni sikuwaona. Niliwapita nyie bila kujua kuna watu, maana hakuna aliyekuwa anaongea. Nilipokuwa nimepita kama hatua thelathini, nikasikia sauti moja nyuma yangu ikilia, "Mama! Mama wee!" Sauti moja tu. Za wengine zilikuja baadaye. Wewe umeandika "watu wakaanza kulia." Watu hawakuanza, dada. Sauti ile nimelala nayo kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Ninaijua ikicheka, ninaijua ikiwa na mafua. Ilikuwa yako.

Unajua nilidhani nini? Nilidhani wewe ndiye umepata habari. Nilidhani mtu amekuletea pale kituoni habari kwamba Mama amekufa, nami niko nje nikitoa jasho. Ndipo nikakimbia kweli. Kabla ya hapo nilikuwa najinyoosha tu. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia, na nyie mkaniona nakimbia zaidi, mkalia zaidi. Niliingia langoni nikiwa nalia. Mama alikuwa mzima, ana maharagwe mapajani. Aliona binti mmoja anaingia akilia, na wa pili nyuma yake akilia, na wanawake kumi wa kijiji.

Kwa hiyo, wewe ulinililia mimi nikikimbia, na mimi nilikimbia kwa sababu ulilia. Hospitalini Kisii ulipomwambia daktari kwamba "watu" walipiga kelele, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilinyamaza. Nilidhani utanishukuru siku moja. Badala yake ulinifungia simu.

Sasa nipe Mama.

Valentine.

Oulu,
Jumapili, 18 Mei 2025.

Dada Nyangate,

Wiki saba. Linda hajibu, najua umemkataza. Mto umevunja barafu yake tarehe ishirini na nane Aprili, kwa mlio kama wa mabati yanayodondoka. Tairi za misumari nimezitundika ukutani. Bado nakimbia, usifikiri nimeacha.

Sitaki ukiri wala unyenyekee. Baki na hasira zako zote. Niambie jambo moja tu, hata kwa mstari mmoja, hata bila salamu: yuko hai? Kwa sababu kila nikiona bahasha yoyote mlangoni naigeuza kwanza juu chini, na naogopa.

V.

Nyaramba,
Jumatatu, 7 Julai 2025.
Baridi kali, mwezi wake. Ukungu haukuinuka hadi saa nne. Nyasi ya langoni ilikuwa nyeupe kwa umande.

Valentine,

Yuko hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata.

Hatujambo. Ndama alipona, chumvi na sukari vilimsaidia. Abner hajarudi, lakini ametuma mkungu wa ndizi kwa boda boda, sijui maana yake. Mama sasa anatembea. Daktari wa viungo alisema atembezwe kila asubuhi, mapema, hata kukiwa baridi, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu niko naye barabarani, fimbo mkono wa kushoto, mimi kulia. Siku ya kwanza Jacinta alituona akasimama, akashika kifua, kisha akasema, "Ah! Ni matembezi tu? Nyinyi watu mtaniua." Ule mkono wa kulia wa Mama unakuwa wa buluu kwa baridi. Nimeuvalisha soksi ya sufu, kisha glavu ya Haron yule wa pikipiki. Usiseme kitu.

Barua yako ya Machi ilifika tarehe ishirini na nne Aprili. Niliisoma mara moja nikaitia ndani ya shajara, nikaifunga kwa uzi. Ya Mei niliifungua nikaiweka hapo hapo. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuanzia kukanusha, na sikupaona.

Ilikuwa sauti yangu.

Usiku ule Mama alikohoa tangu saa saba. Wewe ulilala usingizi wa mgeni. Mimi nilisikia kila kikohozi. Nilikuwa nimetoka Ogembo tarehe ishirini na mbili, nimepika, nimefua, nimewapokea wageni wako, na nikajifunika blanketi hadi masikioni nikisema, na huyu wa Ulaya naye aamke. Saa kumi kikohozi kikakoma ghafla. Saa kumi na mbili nikatoka kwenda chai. Nilipita mlango wake. Sikuufungua. Niliogopa kwa nini amenyamaza, na nikasema nitamwona nikirudi. Nikiwa pale kituoni sikuongea na mtu, nilikuwa nasikiliza ule ukimya. Ulipotoka ukunguni unakimbia kuelekea nyumbani, sikuuliza. Nililia. Wenzangu walilia kwa sababu binti wa nyumba amelia. Wangefanya nini kingine?

Hayo yameandikwa kwenye shajara tangu tarehe ishirini na saba Desemba, ukurasa ule ule niliokuandikia. Nilikunakilia nusu yake.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hukukipanga wewe wala mimi. Jumanne iliyopita nilikwenda kukamua nikaacha shajara kwenye kigoda. Niliporudi uzi ulikuwa umefunguliwa. Mama ana barua zako tatu mapajani, kidole cha kushoto juu ya neno moja moja, midomo inacheza, kama alivyofundishwa ngumbaru, shule ya watu wazima. Nikasema, "Mama, hizo ni za mbolea." Hakunitazama. Nilinyoosha mkono nizichukue, akaufunika mkono wangu kwa wake, akaubana. Nimekuambia mkono huo una nguvu. Alisoma siku tatu. Hakula kutoka mkononi mwangu siku hizo. Alijilisha mwenyewe, uji ukimwagika kifuani, na akikataa nimpanguse.

Jumamosi jioni, jua la Sabato lilipozama, alisema maneno mawili wazi kabisa. "Lete simu."

Nikasema ina shida ya chaji. Akanyoosha kidole kwenye aproni yangu.

Mengine unayajua, kwa sababu juzi uliyasikia wewe, si mimi. Nilibonyeza jina lako, nikamshikia sikioni, nikasikia unasema "Mama?" kwa sauti ndogo, upepo mwingi nyuma yako. Hapo Mama akaninyang'anya simu. Akanielekeza mlango. Nikadhani hajanielewa, nikabaki. Akasema, "Toka."

Nilitoka. Nilisimama uani, kanga begani, baridi ikinipanda miguuni, na mlango wa mama yangu umefungwa usoni mwangu kwa dakika thelathini na nane. Alikuwa anasema maneno mengi kuliko niliyoyasikia tangu Desemba, lakini ukutani yalifika yamevunjika. Mara moja alicheka. Nilikwenda karibu na dirisha, naye akanyamaza hadi nikarudi nyuma.

Nilipoingia sikuuliza mlisema nini, na wewe sikuulizi. Nilimwomba simu niiweke kwenye chaji. Akaitia chini ya ubavu wake wa kushoto, akailalia. Leo asubuhi ametembea nayo kifuani. Hataki niishike. Anasema kesho utapiga tena ukiwa njiani kati ya mzee wa pili na wa tatu, na anataka niwe shambani saa hiyo.

Kwa hiyo huna haja tena ya kuniandikia mimi. Sijakusamehe. Nawe sidhani umenisamehe, na sikuombi. Lakini ukipiga, usimchoshe. Anazungumza akiwa amesimama, anasahau mguu.

Juzi baada ya simu yako alikataa kuzimiwa taa. Alilala saa nne na dakika ishirini. Mimi nililala saa tisa.

Nyangate.